Reli ya Kati ilivyoipita milima

Watalii wanaokuja Ujiji kwa ajili ya Livingstone hushangaa kwamba mji uliokuwa kituo kikuu cha misafara hauna stesheni. Ukiwa Ujiji, treni unaifuata Kigoma mjini. Sababu ni maji. Kwenye mwaka 1878 mto Lukuga, upande wa Kongo, ulizibua mlango wake uliokuwa umejaa matope na magugu, na katika miaka kama 15 ziwa likashuka karibu mita 10. Ufuko wa Ujiji ni tambarare, maji yakarudi nyuma na bandari ikabaki na kina kifupi. Ghuba ya Kigoma ina kina na vilima vya kuikinga na upepo. Ndiko Wajerumani, walioanza kujenga Reli ya Kati kutokea Dar es Salaam mwaka 1905, walikoifikisha Februari 1914, baada ya zaidi ya kilomita 1,200.

Msafiri wa kutoka huku kwetu Kigoma anaanzia kwenye ziwa, kama mita 773 juu ya usawa wa bahari. Tabora ni takriban mita 1,200. Mwinuko huo wa mita 400 na ushei umetandazwa kwenye zaidi ya kilomita 400, kupitia Uvinza na mbuga za Malagarasi, kwa hiyo abiria hahisi kwamba anapanda. Atanunua chumvi Uvinza, atalala.

Mambo hubadilika ukishapita Manyoni. Hapo uwanda unakatika kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, na mita zilezile 400 hivi zinashukwa ndani ya makumi machache tu ya kilomita, kupitia Saranda hadi Bahi. Gurudumu la chuma juu ya chuma halishiki kama tairi kwenye lami. Mwinuko wa mita 2 kwa kila mita 100 tayari ni mkali kwa treni nzito, na kwa kiwango hicho mita 400 zinadai angalau kilomita 20 za njia. Dawa ya wajenzi ilikuwa kuirefusha reli kwa kona. Reli yenye upana wa mita moja inakubali kona kali, hivyo waliifuatisha kwenye maungo ya mlima bila kuuchimba sana. Toa kichwa dirishani kidogo (mkono uache ndani): utakiona kichwa cha treni yako mwenyewe kikikata kona mbele, na breki utazisikia kabla ya kuzihisi.

Lakini kwa mandhari, kipande bora ni Gulwe hadi Kilosa. Milima ya Usagara imeziba njia, na mlango pekee wa bei nafuu ulikuwa bonde la mto Kinyasungwe, ambao mbele huitwa Mkondoa. Reli imelala kandokando ya mto, ukuta wa mlima upande mmoja, maji upande wa pili. Bei nafuu hiyo tunailipa mpaka leo. Mvua za mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 zilibomoa matuta na madaraja hapo, na safari zikasimama kwa miezi.

Reli mpya ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imechagua kinyume chake. Treni ya kilomita 160 kwa saa haiwezi kona kali, kwa hiyo milima ya Kilosa imetobolewa mahandaki manne. Kwa mwenye haraka ni neema. Kwa mtalii, handaki ni giza tu, na mimi namshauri apande ya zamani maadamu ipo.

Basi ukiwa mgeni wa milima, safiri kati ya Juni na Oktoba, mvua zikiwa zimekata. Na kabla hujakata tiketi, uliza treni inatarajiwa Gulwe saa ngapi. Ikipita hapo usiku, nauli yako imekununulia kitanda tu.