Ustadi wa Kuzitupa Ree na Kumi

Mcheza poka hodari humtambui kwa karata anazocheza. Mtazame anazoziacha. Mbili na saba kila mtu anazitupa, hata aliyejifunza jana. Kazi iko kwenye karata za kati kwa kati, zisizotosha kumtajirisha mtu lakini nzuri kiasi cha kumtia kinyongo anapoziacha.

Chukua meza ya mtandaoni yenye watu tisa. Mchezaji wetu yuko Sydney, naye ndiye wa kwanza kuamua. Kapewa karata zake mbili, ree ya kopa na kumi ya uru. Wanane hawajatamka. Zinazomtisha hasa ni jozi za kuanzia kumi kwenda juu, na ree iliyoandamana na karata kubwa kuliko kumi yake. Mpinzani mmoja anaweza kuwa na michanganyo 1,225 ya karata mbili, na ya kutisha ni 60 tu. Asilimia 5 haifiki. Lakini wapinzani ni wanane, kwa hiyo karibu mara moja katika kila tatu, yupo mmoja aliyeshika kitu cha namna hiyo. Akiwa na ree na malkia, ree ya huyu wetu inageuka mtego: ikifunuliwa nyingine kati ya karata za pamoja mezani wanafurahi wote wawili, kumbe mmoja anajiandaa kumlipa mwenzake. Basi anazitupa. Sekunde mbili, tatu, yamekwisha.

Angekuwa wa mwisho, wenzake wote wakiwa wamejitoa isipokuwa wawili wenye dau la lazima, karata hizo hizo angezipandishia dau bila kusita. Hapo ndipo ninapouvulia kofia ustadi huu. Thamani ya karata inategemea kiti ulichokalia, waliokwisha kujitoa na wanaosubiri zamu.

Ugumu unazidi bei ikiwa rahisi. Tuseme katika mgao mwingine ameshatoa dau la lazima la senti mbili, jirani yake katoa senti moja na kujitoa, na mpinzani kapandisha hadi tano. Anadaiwa senti tatu kuwania nane zilizokwisha kuwekwa. Akishinda mara tatu katika 11, yaani asilimia 27, hesabu imetimia, na hata tisa na sita zinaweza kuonekana zinafikia hapo. Mgeni analipa. Fundi anakumbuka kwamba kuanzia hapo atatangulia kuamua katika kila hatua, hivyo atafukuzwa mara nyingi kabla hajafika mwisho kuonyesha alichonacho. Anakumbuka pia makato ya tovuti: fungu likifika kwenye karata za mezani, mwenye nyumba anamega chake, na kwenye meza za dau dogo makato hayo ndiyo mpinzani mkali kuliko wote. Faida nyembamba ya kwenye karatasi imeliwa. Anaacha.

Turudi kwenye ile ree na kumi aliyoitupa. Kwa kuwa wengine wanaendelea, anaona kumi mbili zikifunuliwa mezani. Kutosononeka hapo nako ni sehemu ya ufundi, na nadhani ndiyo sehemu isiyofundishika kwa hesabu. Uamuzi ulikuwa sahihi kabla ya kumi kutokea, na bado ni sahihi.

Kwa watu wa Sydney ustadi huu ulikuwa na adha ya saa. Mashindano makubwa ya mtandaoni yalipangwa kwa jioni ya Jumapili ya Ulaya, ambayo kwao ni alfajiri ya Jumatatu. Mtu alikuwa akizitupa karata saa ambazo jirani zake wanaamkia kazini. Kisha, Septemba 2017, marekebisho ya sheria ya kamari za mtandaoni yakaanza kufanya kazi, na tovuti ya poka ya PokerStars ikaondoka Australia. Seneta David Leyonhjelm wa New South Wales, jimbo la Sydney, alipigania poka isamehewe, asifanikiwe.

Kamari ni kamari, na msomaji ambaye dini yake imemkataza hana haja ya kuweka senti ili aione akili iliyomo. Ila kuna kichekesho. Jimbo hilo hilo la New South Wales lina zaidi ya mashine 80,000 za kamari kwenye baa na klabu, na zinaitwa mashine za poka. Nyingi huzungusha picha tu. Hazikupi karata ya kupima wala mpinzani wa kumsoma, na kujitoa kwenye mashine hizo ni kusimama na kwenda nyumbani.

Waliotaka kuendelea kihalali walikuwa na The Star, kasino ya Pyrmont, Sydney. Huko mgawaji ni binadamu. Migawo 30 kwa saa ni mwendo mzuri, ilhali mtandaoni mtu aliyefungua meza nne huipata kwa dakika chache. Anayejitoa kwenye skrini anazikwa na karata mpya papo hapo, hana muda wa kujihurumia. Pyrmont atakaa akichezea vidonge vyake vya dau, saa nzima ya takataka, wenzake wakicheka na kuvuta mafungu. Kisha analetewa ree na kumi, naye ndiye wa kwanza kuamua.