Juu ya Michezo ya Sayansi Itungwayo na Wanafunzi

Siku hizi walimu wengi wa sayansi huwapa wanafunzi wao kazi ya kutunga mchezo wa ubao, wenye kete na dadu, ili wenzao wajifunze kwa kucheza. Kazi hii twaipenda. Mtoto aliyekata karatasi ngumu kwa mkono wake, akachora njia na kuandika sheria, hulishika somo kuliko yule aliyenakili maneno ya ubaoni. Lakini kumpenda mtoto si kumficha kosa lake, na kwa hiyo leo twataka kuipima michezo hii kwa haki.

Mingi tuliyoiona ina umbo moja tu, nalo ni lile la Nyoka na Ngazi. Mchezaji hutupa dadu, husogeza kete, na afikapo penye alama hupewa kadi yenye swali: mmea hujitengenezea chakula kwa nguvu ya nini? Akijua, hupanda ngazi. Asipojua, humezwa na nyoka. Basi ziondoeni kadi hizo, mweke nyingine zenye maswali ya historia. Mchezo umebadilika nini? Haukubadilika hata kidogo. Kumbe sayansi haimo mchezoni, bali imevikwa juu yake kama joho. Ajuaye hushinda kwa yale aliyokuja nayo, na asiyejua huondoka vile vile alivyokuja, ila ameaibishwa mbele ya wenzake. Huo ni mtihani wenye dadu.

Wala Nyoka na Ngazi wenyewe haukuzaliwa hivyo. Asili yake ni India, na huko ngazi zilikuwa fadhila na nyoka walikuwa maovu. Funzo lilikuwa ndani ya ubao, wala halikuhitaji kadi. Watoto wetu wameazima mwili wakaiacha roho.

Tuutazame mchezo mmoja uliofanya vema zaidi. Mwaka 2017 ulitolewa mchezo uitwao Photosynthesis, uliotungwa na Hjalmar Hach. Wachezaji hupanda miti ubaoni, na jua huuzunguka ubao katika pande zake sita. Mti mdogo hutupa kivuli cha nafasi 1, wa kadiri nafasi 2, na mkubwa nafasi 3. Mti uliofunikwa na kivuli cha mwingine ulio sawa nao au mkubwa kuliko wenyewe haupati nuru. Na pasipo nuru hakuna kukua wala kupanda mbegu. Humo hamna swali hata moja la kujibiwa, lakini mtoto hujionea kwa nini miti ya msituni hushindana kwenda juu. Sheria ya mchezo imefuata sheria ya viumbe.

Hata hivyo mchezo huo una upungufu. Jua lake halipandi utosini kamwe, na vivuli vyake havirefuki wala kufupika. Mtoto wa Dodoma au Kisumu, aonaye kila siku kivuli chake kikifupika adhuhuri na kurefuka jioni, atalikataa jua hilo, naye ana haki. Maji nayo hayamo. Lakini mwalimu mwenye busara hatautupa mchezo kwa sababu hiyo. Atawauliza wanafunzi, "Ni wapi mchezo huu haukusema kweli?" Na hapo somo litaanza.

Sasa twawaomba walimu wajaribu jambo la kwetu. Mwaka 1897, huko India, Ronald Ross aliviona vijidudu vya malaria tumboni mwa mbu. Vijidudu hivyo haviambukizi mara moja. Hukua kwanza ndani ya mbu kwa siku 10 hivi au zaidi, kadiri ya joto. Basi wanafunzi na watwae kete 30, ziwe mbu waliokwisha kunywa damu ya mgonjwa. Zamu moja iwe siku 2, na zamu ziwe 6. Kila zamu dadu itupwe kwa kila kete, na ikitoka 1, mbu huyo amekufa. Mwishoni watasalia kama 10. Kisha wacheze tena, vijiji vikiwa na vyandarua vyenye dawa, na mbu afe kwa 1 au kwa 2. Mara hii watasalia 2 au 3 tu.

Hesabu hiyo yafaa kufikiriwa sana. Hatari ya kufa katika kila zamu imeongezeka mara mbili tu, lakini mbu wawezao kuambukiza wamebaki kama robo. Mtoto aliyezitupa dadu hizo ataelewa kwamba chandarua chenye dawa humfaa hata jirani asiye nacho, kwa kuwa mbu aliyekigusa akafa hatafika nyumbani kwake. Kadi ya swali isingemfundisha hayo.

Basi mwalimu apokeapo kazi hizi, asitazame rangi wala wino kwanza. Aondoe maswali yote, kisha aucheze mchezo. Ikiwa sayansi ingalimo, mtoto huyo asifiwe. Ikiwa imetoweka, arudishiwe kazi yake kwa upole, aitunge upya. Na achague jambo la kijijini mwake, maana mcheza kwao hutunzwa.