Mfalme na saba: jinsi Moneymaker alivyomtoa Farha kwenye mgao

Mcheza karata wa Kadutu au Bagira, mjini Bukavu, akikalishwa kwenye meza ya Texas Hold'em, hana mengi ya kujifunza kuhusu karata zenyewe. Ni zile zile 52 anazozichanga kila jioni barazani. Kinachomwangusha ni mazoea ya kungoja karata nzuri. Katika michezo mingi ya Bukavu, aliyegawiwa vibaya hana la kufanya ila kupunguza hasara. Kwenye Hold'em, aina ya poka inayochezwa kuliko zote duniani, karata mbovu zinaweza kuzoa kila kitu kilichomo mezani, na hakuna mgao unaofundisha hilo vizuri kuliko mmoja uliochezwa Las Vegas, Mei 2003.

Wachezaji 839 walikuwa wameingia shindano kuu la World Series of Poker, kiingilio dola 10,000. Wakabaki wawili. Chris Moneymaker, ambaye hilo kweli ni jina lake la ukoo, alikuwa mhasibu kutoka Tennessee aliyepata nafasi yake kwa kushinda shindano dogo la mtandaoni la dola 86. Mbele yake alikaa Sammy Farha, mzaliwa wa Beirut, mtu aliyeishi kwa kamari. Watazamaji wa televisheni waliona karata zao zilizofichwa, shukrani kwa kamera ya mezani aliyoibuni Henry Orenstein, na ndiyo maana mgao huu unaweza kuchambuliwa hatua kwa hatua.

Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kabla ya hapo watu wawili huwa wameshatoa dau la lazima, mmoja dogo na mwingine kubwa, ili mezani pawe na kitu cha kugombania. Kisha kila mmoja, kwa zamu, ana njia tatu: kutupa karata na kujitoa, kufuata dau lililopo, au kulipandisha. Moneymaker alipata mfalme wa shupaza, ile wengi wa Bukavu wanayoiita pique, na saba ya kopa. Farha alishika malkia wa shupaza na tisa ya kopa. Karata za kawaida kabisa, pande zote mbili. Moneymaker akapandisha hadi 100,000 za chipu, vile vidude vinavyowekwa mezani badala ya pesa, Farha akafuata.

Zikafunuliwa karata tatu za wote katikati ya meza: tisa ya shupaza, mbili ya uru, sita ya shupaza. Farha sasa ana jozi ya tisa, na hakuna karata mezani iliyo kubwa kuliko tisa. Moneymaker hana kitu. Lakini hapa wote wawili walipitisha bila kuweka dau, jambo linaloruhusiwa ikiwa hakuna aliyelianzisha.

Karata ya nne ikawa nane ya shupaza, na hesabu ikageuka. Farha aliweka 300,000. Moneymaker akapandisha hadi 800,000, bado hana hata jozi. Je, huo ni wazimu? Hesabu inasema sivyo. Shupaza yoyote kati ya nane zilizosalia ingempa karata tano za aina moja, zenye mfalme, dhidi ya malkia wa Farha. Tano au kumi zisizo za shupaza, sita kwa jumla, zingemkamilishia mfuatano. Wafalme watatu waliobaki wangempa jozi kubwa kuliko ile ya tisa. Jumla karata 17 za kumwokoa kati ya 44 ambazo hazikuwa zimeonekana, karibu asilimia 39. Farha akafuata.

Karata ya tano na ya mwisho: tatu ya kopa. Haikumsaidia mtu. Kanuni ni kwamba kila mchezaji huunda mkono bora wa karata tano kutoka zile saba, mbili zake na tano za wote. Moneymaker alibaki na mfalme tu.

Basi akapiga mkwara. Farha, aliyepaswa kusema kwanza, alipitisha. Moneymaker akasukuma chipu zake zote. Farha aliwaza, akadokeza hata kwamba huenda mwenzake amekosa karata za aina moja, na alikuwa sahihi kabisa. Kisha akatupa jozi yake ya tisa.

Nafasi ya kukaa ilichangia sana. Wakibaki wawili, mgawaji husema kwanza kabla ya karata za wote kufunuliwa, na husema wa mwisho baada ya hapo. Safari hii kiti cha mgawaji kilikuwa cha Moneymaker, kwa hiyo baada ya karata za wote kufunuliwa aliona kila alichofanya Farha kabla ya kuamua lake. Wengi humlaumu Farha kwa kutupa karata, lakini kosa kubwa lilikuwa mapema, pale alipopitisha akiwa na jozi ya tisa. Dau la maana wakati ule lingemfukuza mtu asiye na kitu. Badala yake alimpa nane ya shupaza bure.

Daraja za mikono hukaririwa kwa jioni moja ukijua msingi wake: kilicho adimu ndicho kikubwa. Kati ya michanganyiko 2,598,960 ya karata tano, mfuatano hutokea mara 10,200, aina moja mara 5,108, tatu pamoja na jozi mara 3,744. Ndiyo maana huu wa mwisho unaushinda wa pili, nao wa pili unaushinda wa kwanza.

Muda si mrefu Farha alikuwa nje. Tano na nne za Moneymaker ziligeuka tatu pamoja na jozi, zikamletea dola milioni 2.5. Anayetaka kujifunza aache faranga mfukoni. Vifuniko vya chupa za Primus vinatosha kuwa chipu. Apange upya mgao huu mezani, amkalishe rafiki kwenye kiti cha Farha, na safari hii ile jozi ya tisa iwekewe dau mapema.