Kuondoa, Kuvua au Kugandua? Uhakiki wa Istilahi za Tairi, Gundi na Rangi

Iko desturi ya siku nyingi katika kazi ya kutunga istilahi: kuandika neno la kigeni upande wa kushoto wa karatasi, kisha kulitafutia mwenzake wa Kiswahili upande wa kulia. Vijitabu vya Tafsiri Sanifu, vilivyotolewa na Baraza la Kiswahili la Taifa kuanzia miaka ya 1970, vilipangwa hivyo, na vilizisaidia sana ofisi na shule ambazo hazikuwa na pa kushika. Hatuandiki ili kuvibeza. Twataka kuonyesha kwamba orodha peke yake haimtoshi mtu anayefasiri maelezo ya kazi ya mikono. Orodha hupenda majina, na kazi ya mikono huelezwa kwa vitenzi. Na katika vitenzi ndimo Kiswahili kilimoweka sehemu kubwa ya utajiri wake.

Mfano tuliouchagua ni mdogo kwa umbo. Ni gari la kuchezea liendeshwalo kwa redio, ambalo wengi huliita gari la rimoti. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa gari lake la kwanza la namna hiyo mwaka 1976, na tangu hapo vitu hivi vimeenea duniani. Mjini Moshi navyo vipo, sambamba na magari ambayo watoto wa vijiji vya mlimani wamekuwa wakijitengenezea wenyewe kwa nyaya, vibao na magurudumu ya ndala chakavu. Atakayesema kwamba jarida la istilahi lisijishughulishe na vitu vya watoto, na akumbuke kwamba mkono wa fundi huanza kuzoea kazi kabla haujashika spana ya gereji.

Matairi ya magari hayo madogo aghalabu hubandikwa kwa gundi. Yakichakaa, mwenye gari hana budi kuyatoa bila ya kuharibu sehemu ngumu iliyoyabeba, kisha kuisafisha sehemu hiyo iliyopoteza sura yake. Tuitazame sasa tafsiri ya maelezo ya kazi hiyo. Tumeitunga sisi kwa ajili ya mjadala, lakini msomaji aliyezoea kusahihisha tafsiri hatashindwa kuitambua sura yake:

"Ili kuondoa tairi lenye gundi, ondoa tairi, kisha ondoa gundi kwa maji ya moto na asetoni. Baada ya kuondoa gundi, rejesha rangi ya gurudumu lililobadilika rangi."

Sarufi yake haina kosa, na kila neno lina mahali pake katika kamusi. Hata hivyo, kijana atakayeifuata neno kwa neno ataharibu gari lake, na huenda akaungua. Tuyachambue makosa yake moja baada ya jingine.

1. Tairi na gurudumu

Nenda katika gereji yoyote ya Moshi, ama kwa mziba pancha wa kando ya barabara iendayo Marangu, umwambie fundi "fungua tairi." Atachukua jeki na spana, atalegeza nati, naye atakuletea kitu kizima: mpira pamoja na chuma chake. Hajakosea. Katika lugha ya kazi, tairi ni jina la kitu kizima; ndiyo maana twasema tairi la akiba, hali tukijua kwamba halikai ndani ya gari bila rimu yake. Ukitaka mpira peke yake, itakubidi useme "toa tairi kwenye rimu."

Neno gurudumu nalo limehamia kwingine. Twalisikia katika mkokoteni, katika baiskeli ya magurudumu matatu, na zaidi ya yote katika hotuba, ambamo gurudumu la maendeleo limesukumwa kwa miaka mingi bila ya kupata pancha. Gereji hulisikii mara nyingi. Basi mfasiri aandikapo "ondoa tairi," msomaji wa Moshi atafungua nati, aliweke gurudumu zima mezani, na kudhani kwamba kazi imekwisha. Na aandikapo "gurudumu lililobadilika rangi," hatujui kama amekusudia kitu kizima au rimu peke yake.

Hatupendekezi kuifukuza lugha ya gereji. Twapendekeza tu kwamba katika maandishi ya ufundi maneno matatu yatenganishwe: gurudumu liwe kitu kizima, tairi liwe mpira, na rimu iwe sehemu ngumu iubebayo mpira huo. Maneno yote matatu yanajulikana tayari.

2. Kauli ya kutendua

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Katika sentensi mbili, kitenzi kuondoa kimetumika mara nne, kwa vitendo visivyofanana. Lugha yetu inayo kauli ya kutendua, yaani umbo la kitenzi linalorudisha nyuma tendo lililokwisha kufanyika: funga na fungua, ziba na zibua, choma na chomoa, bandika na bandua, ganda na gandua, vaa na vua. Kila jozi inatuambia kitu kilishikwaje, na kwa hiyo kitaachiliwaje. Kuondoa hakutuambii lolote kati ya hayo; kunatuambia tu kwamba mwishoni kitu hakipo.

Tairi la gari kubwa halikushikwa kwa gundi. Limeshikwa na ukingo wake wenye waya na upepo uliojazwa ndani. Ukitoa upepo, ukaulegeza ukingo kwa pao, tairi huvuliwa kama kiatu. Tairi la gari dogo la redio halijazwi upepo. Aghalabu ndani yake mna sponji, au hamna kitu. Kwa kuwa hakuna upepo wa kulikaza, hushikwa kwa gundi iliyoganda. Hapa kitenzi kinachotakiwa ni kugandua, na ndipo kifuate kuvua. Anayeanza na kuvua kabla ya kugandua atalichana tairi au ataivunja rimu. Mabaki ya gundi yaliyokauka katika mfereji wa rimu nayo hayaondolewi tu, hukwanguliwa. Hivyo basi, gandua, vua, kwangua: vitenzi vitatu, hatua tatu, kwa mpangilio ambao haugeuzwi. Tafsiri iliyoandika kuondoa mara nne imelifuta somo lote.

3. Gundi

Neno gundi nalo limebebeshwa mzigo mkubwa. Mziba pancha hutumia gundi ya mpira, ambayo yeye huiita solusheni: huukwangua mpira kwa tupa au msasa, hupaka, hungoja ikauke kidogo, kisha hubandika kiraka. Gundi ya magari madogo ni ya jamii nyingine kabisa. Iligunduliwa Marekani na Harry Coover na wenzake, ikaanza kuuzwa mwaka 1958, na wananchi huiita supaglu. Hii haingojewi, hushika papo hapo, hata vidole.

Lugha yetu ya zamani ilikwisha kuona tofauti ya namna hii. Ulimbo wa kunasia ndege hunata, wala haugandi, na kazi yake yote imo katika kunata huko. Supaglu kwanza hunata, kisha huganda ikawa ngumu kama kioo. Mfasiri akiizingatia tofauti ya kunata na kuganda, hatamwambia msomaji "futa gundi," kwa maana kilichoganda hakifutiki kwa kitambaa. Twapendekeza gundi ya mpira kwa ile ya kwanza na gundi ya papo hapo kwa hii ya pili, huku tukiyaacha majina solusheni na supaglu yatajwe kando ili fundi asipotee.

4. Maji ya moto, na neno "na"

Sasa twafika penye hatari. Ziko njia mbili zinazojulikana za kugandua tairi lililoshikwa na gundi ya papo hapo. Ya kwanza ni joto: gundi hiyo huanza kudhoofika joto linapozidi takriban nyuzi 80 za Selsiasi, kwa hiyo gurudumu huchemshwa katika maji. Ya pili ni asetoni, ambayo huilegeza gundi polepole bila ya moto. Tafsiri yetu imesema "maji ya moto na asetoni." Kiunganishi hicho kifupi chamtuma kijana avitie vyote viwili katika sufuria moja juu ya jiko. Asetoni huchemka kwenye nyuzi 56 tu, na mvuke wake hushika moto hata katika ubaridi wa barafu. Palipotakiwa "ama hiki ama kile," pamewekwa "na." Hakuna kamusi ya istilahi itakayolisahihisha kosa hili, maana "na" si istilahi, lakini madhara yake yapita ya istilahi yoyote.

"Maji ya moto" nayo ni maneno yasiyopimika. Maji ya kuoga ni ya moto, na hayataigandua gundi. Mfasiri mwangalifu ataandika "maji yanayochemka." Lakini hata hapo mkazi wa Kilimanjaro yampasa aulize: yanayochemka wapi? Pwani ya Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mjini Moshi, ulio kiasi cha mita 800 hadi 900 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Kwenye lango la Marangu, karibu na mita 1,900, ni nyuzi 94 hivi. Na katika kilele cha Uhuru, mita 5,895, ni karibu nyuzi 80 tu, ambapo gundi yetu ingeweza kukaidi. Kwa hiyo maelezo yataje kiwango cha joto kinachotakiwa, kisha yaseme kuchemsha. Mwalimu wa Moshi anayo hapo mifano miwili kwa mara moja, wa fizikia na wa lugha.

5. Kubadilika rangi

Twamaliza na "gurudumu lililobadilika rangi." Kiswahili hakina upungufu hapa, mfasiri ndiye aliyeufanya. Kitambaa kikifuliwa mno huchujuka. Kitu kikikaa juani na vumbini hupauka. Chuma kikipoteza mng'ao hufubaa. Rimu nyeupe ikipita katika udongo mwekundu wa mashamba ya migomba hushika madoa. Ikizeeka hugeuka manjano. Haya ni maradhi mbalimbali, na kila moja lina dawa yake. Iliyoshika madoa huoshwa kwa sabuni na brashi. Iliyofubaa, ikiwa ni ya alumini, hung'arishwa. Rimu ya nailoni iliyogeuka manjano haifai kutiwa maji ya klorini, ambayo watu huyaita jiki, kwa kuwa klorini huidhuru nailoni na kuizidishia umanjano.

Njia iliyo njema kwa nailoni ni kuitia rangi mpya, na hapa tena kitenzi ndicho kinachoamua. Neno rangi peke yake lina maana tatu: lile tulionalo kwa macho, kile apakacho mchoraji wa ukuta, na ile dawa achovyayo mtengeneza batiki. Lakini kupaka rangi na kutia rangi havichanganyiki. Rangi iliyopakwa hukaa juu, na juu ya nailoni haikawii kubanduka. Rangi iliyotiwa huingia ndani, na nailoni hupokea rangi ya nguo inapochemshwa nayo. Asemaye "rejesha rangi" ameeleza matokeo na kuificha kazi.

6. Mapendekezo

Kwa kuyazingatia yote hayo, twaiandika tafsiri upya:

"Fungua gurudumu kutoka kwenye ekseli. Gandua tairi kwa njia moja tu kati ya hizi mbili. Ama chemsha gurudumu katika maji matupu, yenye joto linalozidi nyuzi 80, mpaka gundi ilegee. Ama, ikiwa rimu ni ya nailoni au ya alumini, loweka gurudumu katika asetoni baridi, ndani ya chombo cha chuma chenye kifuniko, mahali penye hewa na mbali na moto wowote. Plastiki nyingine huyeyuka katika asetoni. Gundi ikilegea, vua tairi polepole, kisha kwangua mabaki katika mfereji wa rimu. Rimu iliyoshika madoa ioshwe. Ya alumini iliyofubaa ing'arishwe. Ya nailoni iliyogeuka manjano au kuchujuka itiwe rangi ya nguo, isipakwe."

Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na haina hata istilahi moja mpya. Ekseli, rimu, nailoni na asetoni ni maneno ya mkopo yaliyokwisha kuzoeleka; mengine yote yamo vinywani mwa mafundi, wafuaji na watengeneza batiki.

Twapendekeza mambo mawili kwa wanaoandaa orodha na miongozo ya ufundi. Kwanza, kila jina la kifaa lifuatane na vitenzi vyake: jinsi kinavyofungwa na kufunguliwa, kubandikwa na kubanduliwa, kuvalishwa na kuvuliwa. Pili, kabla tafsiri haijapelekwa kiwandani kupigwa chapa, isomwe kwa sauti mbele ya fundi aliye na kitu chenyewe mkononi, naye afanye lile analolisikia na si zaidi. Akisita, hapo ndipo penye kazi ya mfasiri. Walimu wa ufundi na wafasiri walio na mifano ya namna hii, iwe ya gereji, ya jikoni au ya shambani, twawaomba waijadili katika kurasa hizi.