Anayemwona Mgonjwa Kila Siku

Mama wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, akigundulika na saratani ya mlango wa kizazi, hupita kwanza Mbarara, kisha hushika barabara ya kilomita 270 hivi hadi Mulago, Kampala, kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda. Huko hupigwa mionzi siku tano kwa wiki, kwa wiki tano hivi. Daktari, kwa desturi ya vituo vingi, humwona mara moja kwa wiki. Anayemwona kila siku ni mtaalamu wa tiba ya mionzi.

Wengi humdhania kuwa mbonyeza kitufe tu. Mtazame anavyomlaza mgonjwa. "Mama, kibofu kimejaa?" Kibofu kikijaa huusukuma utumbo ukakaa mbali na mionzi. Anatafuta alama ndogo zilizochorwa ngozini, anazilinganisha na mistari ya leza, anavuta shuka taratibu mpaka mwili usogee nusu sentimita. Alama zikikataa kukaa zilipokaa jana, hamgombezi mtu kwamba amejitikisa. Huenda amekonda. Amekula nini tangu juzi? Anaharisha?

Ngozi nayo inataka mazoea. Vitabu vya fani hii vimeandika sana kuhusu wekundu, ilhali kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri. Yeye hutafuta weusi uliozidi, ukavu, joto chini ya kiganja, hasa kwenye mikunjo ya mapaja, kabla pahali hapo hapajachubuka.

Uingereza na Kanada zimewapa wataalamu hawa, baada ya mafunzo ya ziada, kazi ya kuwakagua wagonjwa tiba ikiendelea: kupima ukali wa madhara, kuomba vipimo vya damu, kwingine hata kuandika dawa fulani, na kujua lipi ni la kumwita daktari. Naona Uganda ina sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo. Mtu aliyeacha watoto kambini hahitaji ukaidi ili akatize tiba. Siku nne za kuhara bila dawa zinatosha kumrudisha nyumbani. Na saratani hii haitaki mapengo: tiba yote, pamoja na mionzi ya ndani, inatakiwa iishe ndani ya wiki nane.

Kazi haiishii kwenye mionzi ya mwisho. Madhara ya ngozi huweza kuzidi kwa wiki moja au mbili baadaye, wakati mama ameshapanda basi. Mkaguzi anayeijua kazi yake atamwandikia muuguzi wa kituo cha afya cha Nakivale barua fupi: ngozi ilivyokuwa siku ya mwisho, dawa alizopewa, asipake nini, na damu ikianza kumtoka kwa wingi apelekwe Mbarara siku hiyohiyo.