Mzee Aliyesahau Jina: Pengo Katika Fasihi Yetu

Fasihi ya Kiswahili imezoea kuwaheshimu wazee kwa kuwafanya ghala la kumbukumbu. Mwana Kupona, alipotunga utenzi wake mwaka 1858 hali mgonjwa, alimwachia binti yake mausia yaliyopangika ubeti kwa ubeti. Katika riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka, iliyotoka mwaka 2001, akumbukaye ni babu aliyekwisha kufa. Aliyesahau ni mjukuu mwenye cheo. Kwa upande mwingine, katika vichekesho tunavyoigiza shuleni, mzee msahaulifu huletwa jukwaani ili achekwe: huitafuta miwani iliyo juu ya kipaji chake, na watoto hupiga makofi. Baina ya mzee ajuaye yote na mzee achekwaye yuko wa tatu, ambaye twaishi naye kila siku. Huyo bado twamngojea vitabuni.

Tumtazame huko Nalufenya, mjini Jinja. Mzee akutana na mwanamke amjuaye sana, lakini jina limemtoka. Ikiwa mama huyo amezaa pacha, atamwita Nabirye, na mumewe Isabirye, kwani ndivyo Wasoga wanavyowaheshimu wazazi wa pacha. La sivyo, atamwita "mwanangu", kisha aulize, "Nyumbani hawajambo?" Jibu litaleta majina mawili matatu, naye atapata uzi wa kushika. Akikwama kwa neno la Kiswahili, huchomeka la Kisoga au la Kiganda. Katika mji wa lugha nyingi, hakuna ashangaaye.

Wagisu wa Mbale nao wana njia yao. Jando lao, imbalu, hufanywa katika miaka igawanyikayo kwa mbili, na kila kundi la waliotahiriwa huwa na jina lake. Mzee asiyekumbuka mwaka wa jambo fulani hulitaja kundi lake, na wenziwe humalizia. Kumbukumbu ya mmoja ikipungua, ya rika huijaza.

Kwa maoni yetu, huu si udanganyifu bali ni usanii. Una kanuni zake, una zamu zake, na kama ilivyo kwa hadithi, hauendi bila mwitikiaji. Tena mwitikiaji ndiye awezaye kuuvunja. Akisema, "Hayo umekwisha kuniambia jana," au akimjaribu mzee kwa kumwuliza, "Mimi ni nani?", mzee hunyamaza, kesho haji barazani. Hasara hiyo yapita ya jina lililopotea, kwani aliyejitenga na watu hukosa hata wa kumkumbusha.

Hatusemi kwamba adabu ni dawa ya kila usahaulifu. Mzee apoteaye njia ya kwake, au ashindwaye kuhesabu fedha alizozoea, apelekwe kwa daktari, asifichwe. Lakini huyo pia angali mtu wa kuzungumza naye.

Hivyo twawaomba waandishi wamtunge mzee huyu pamoja na ujanja wake na hofu yake. Nasi walimu tuanze darasani. Tuwape wanafunzi waandike mazungumzo mafupi: mzee asalimu bila kutaja jina, na kijana alitoe mwenyewe kabla hajaulizwa. "Ni mimi Waiswa, mzee wangu, tulionana sokoni." Katika sentensi hiyo moja mwanafunzi atajifunza sarufi, na atajifunza utu.