Ramani ya Nafasi Tupu

Rekodi ikifutwa katika mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL, haiondoki papo hapo. Huwekewa alama tu, maana huenda kuna mtumiaji aliyeanza shughuli yake mapema na bado anastahili kuiona. Ikishakosa wa kuihitaji, mchakato uitwao VACUUM hupita na kuisafisha. Baada ya hapo ndipo huanza kazi ninayoipenda kuliko zote: kujua wapi pana nafasi.

Jedwali la gigabaiti 100 lina kurasa zaidi ya milioni 13, kila mmoja kilobaiti 8. Nani atazipekua zote kwa ajili ya rekodi moja? Kwa hiyo kando ya jedwali hukaa faili dogo la ramani, jina lake likiishia na _fsm, na humo kila ukurasa umetengewa baiti moja tu. Baiti moja hubeba thamani 256, basi nafasi hupimwa kwa hatua za baiti 32. Ukurasa wenye baiti 1,000 tupu huandikiwa 31. Rekodi inayohitaji baiti 1,000 hutafuta 32, na ukurasa ule hurukwa ingawa ungeitosha. Hasara hiyo imekubaliwa kwa makusudi, nami naiona ni busara kubwa.

Baiti hizo zimepangwa kama mti: kila mbili zina mzazi anayebeba thamani iliyo kubwa kati ya hizo mbili, hadi kileleni. Kileleni kukiwa na namba ndogo kuliko inayotafutwa, hakuna haja ya kushuka.

Mpango huu ni kazi ya Heikki Linnakangas, ulioingia katika toleo la 8.4 mwaka 2009. Kabla yake ramani ilikaa kwenye kumbukumbu ya seva, na msimamizi ndiye aliyekadiria ukubwa wake. Akikadiria kidogo, nafasi tupu zilisahaulika na jedwali likazidi kuvimba.

Ramani ya sasa haiandikwi kwenye daftari la mabadiliko linalolinda data umeme ukikatika. Inaruhusiwa kukosea. Seva ikifika kwenye ukurasa na kukuta umejaa, husahihisha baiti ile na kutafuta tena. Mzazi na wanawe wakipingana, mti hujengwa upya palepale. Ukweli wenyewe uko kwenye ukurasa, na ramani haikupewa jukumu la kuulinda. Ndiyo maana imeweza kuwa ndogo na nyepesi kiasi hicho.